Kete ya Mkononi Huwekwa Wapi?

Juma hili tuzungumze juu ya bao. Najua kuna akina mama watakaoguna, wakisema bao ndilo linalowachelewesha waume zao sokoni. Wana haki kidogo. Lakini huku kwetu migombani, toka Kibosho mpaka Marangu, wako watu wanaogombana ubaoni kwa jambo moja tu, yaani namna ya kuingiza kete mpya. Nawajua majirani wawili waliokaa miezi bila kuamkiana kwa ajili ya kete moja. Hasara iliyoje!

Basi tuanze. Bao la Kiswahili lina kete 64, kila mtu 32. Kule pwani hutumia komwe. Ninyi mkitumia kokoto si neno. Mwanzoni unapanga kete 10 tu: 6 katika nyumba, nayo ni shimo la tano la safu ya mbele ukihesabu toka kushoto kwako, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kulia. Zile 22 zilizobaki unazishika mkononi. Kuziingiza ndiko kunamua: kila zamu kete moja, wala huruhusiwi kuruka zamu ili uweke akiba.

Unaiweka wapi? Katika safu yako ya mbele, tena katika shimo lenye kete tayari. Shimo tupu halipokei mgeni. (Mwenye kihamba, anayepanda chipukizi mahali palipo wazi, atacheka kanuni hii.)

Kwanza tazama kama waweza kula. Kama shimo lako lenye kete linakabili shimo la mwenzako lenye kete, sharti uweke hapo na ule. Zilizoliwa unazigawa moja moja upande wako, kuanzia kichwa cha kulia au cha kushoto, upendavyo. Lakini ukila kutoka shimo la mwisho au lile la pili yake, liitwalo kimbi, huna hiari: unaanzia kichwa cha upande uleule.

Anayeanza mchezo hawezi kula. Pangeni kete mtazame: hakuna shimo lililokabiliana na jingine. Yeye hutakata tu, yaani anaweka kete yake, anachota zote zilizo katika shimo lile, na kuzigawa kulia au kushoto.

Na hapa ndipo ugomvi unapozaliwa. Katika kutakata, mtu anaweka kete nyumbani, anachota zote, anazunguka nazo akicheka. Haifai! Maadamu kuna shimo jingine la mbele lenye kete, nyumba haiguswi. Ikiwa imebaki nyumba peke yake, unaweka kete yako, kisha unachukua 2 tu na kuzigawa, nyingine zinabaki. Nyumba ni ghala, na kanuni hii inamkinga hata mwenye ghala asilimalize mwenyewe kwa pupa. Mimi naiona ni kanuni nzuri kuliko zote za bao.

Ziko tofauti ndogo za mahali na mahali, kwa hiyo patanani kabla ya kete ya kwanza, si katikati. Watoto waanze na bao la kujifunza, ambalo kete zote hupangwa mbili mbili na hakuna kunamua.

Kete 22 zikiisha mikononi, huanza mtaji, na hiyo ni habari nyingine kabisa.