Jikoni kwa Mama: Yai Lisilotaka Kuachana na Ganda Lake



Mama mmoja wa Lubumbashi, auzaye mayai ya kuchemsha jioni kando ya barabara, ametueleza shida yake. Alinunua mayai ya kuku wa jirani, mayai mazuri, ya jana na ya juzi. Aliyachemsha kwa uangalifu. Lakini mnunuzi alipotaka amenyewe yai lake ili litiwe chumvi na pilipili, ganda lilitoka pamoja na nusu ya ute, na yai likabaki na mashimo kama lililodonolewa na ndege. Mnunuzi akacheka, akaenda kwa mwingine. Mama auliza: «Je, kosa ni langu, au ni la kuku?»

Pengine mtu atasema kwamba swali hili ni dogo. Hebu tuhesabu. Tuseme kwamba mama huyo, akiuza mayai 30 yote, hupata faida yenye thamani ya mayai 6. Yakiharibika mayai 5 katika kumenywa, basi amewasha makala, amechemsha, ameketi katika vumbi mpaka usiku, na faida yake ni yai moja tu. Na makala yenyewe hajayalipia bado. Hapo fedha za shule za watoto zitatoka wapi?

Tumjibu kwanza habari ya kuku. Kuku hana kosa. Na yai zuri la jana ndilo hasa lishikalo ganda. Chini ya ganda mna utando mweupe, mwembamba sana. Yai likiwa jipya, ute wake umebeba hewa ya ukaa, ile ile tuitoayo sisi tupumuapo, nayo huufanya ute uelekee uchachu kidogo. Ute wa namna hiyo, ukiiva, hugandamana na utando. Lakini ganda lina vitundu maelfu visivyoonekana kwa macho. Siku zipitapo, hewa ile hutoka polepole kwa vitundu hivyo, uchachu hupungua, na ute huacha kuushika utando. Ndiyo sababu mayai yaletwayo kutoka Zambia, yaliyokwisha kungoja mpakani Kasumbalesa na kutikiswa njiani, humenyeka vyema kuliko yale ya kuku wa uani. Yamezeeka kwa siku kadhaa, basi.

Kwa hiyo mayai mapya na yawekwe kivulini, mahali penye ubaridi, muda wa juma moja kabla ya kuyachemsha. Ukitaka kujua umri wa yai, litie katika beseni la maji. Jipya hulala chini ubavuni. Lililokaa siku nyingi huinua kichwa kinene. Lile lielealo juu usilichemshe, wala usimwuzie mtu.

Jambo la pili ni moto, na hapo mama wengi hukosea. Huweka mayai katika maji baridi, kisha hutia sufuria motoni, na yote hupata joto pamoja polepole. Ute uivao polepole hushikamana na utando. Fanya kinyume: maji yachemke kwanza kwa nguvu, ndipo uyashushe mayai ndani kwa kijiko, moja moja, yasipasuke. Ute ukishikwa na joto ghafula hujivuta na kuachana na utando. Hata yai la jana hukubali kwa njia hii, ingawa si kila mara.

Lakini angalia: ukitia mayai 30 kwa mara moja katika sufuria ndogo, maji huacha kuchemka, nawe umerudi kule kule kwenye moto wa polepole. Afadhali kuchemsha 10, kisha 10, kisha 10, katika maji yale yale ya moto, ukiongeza kidogo yapunguapo. Mwenye kuogopa gharama ya makala (na ni nani asiyeiogopa siku hizi?) aweke maji ya kina cha vidole viwili tu. Yakichemka, ayapange mayai ndani, afunike vizuri. Mvuke una joto sawa na maji yachemkayo, na maji machache huchemka upesi.

Muda wake? Hutegemea mahali ukaapo. Lubumbashi iko juu ya bahari kwa mita kama 1,200, na huko maji huchemka kwa digrii 96 hivi, si 100. Basi hesabu dakika 13 kwa saa ya simu yako. Bukavu, kwenye mita kama 1,500, ongeza dakika moja. Kisangani, penye bonde la mto, dakika 12 zatosha. Usizidishe mno. Yai lililopikwa kupita kiasi hupata duara la kijani kuzunguka kiini, nalo hutokana na chuma cha kiini kukutana na salfa ya ute. Halimdhuru mlaji, ila mnunuzi hudhani kwamba yai limeoza.

Wengine hutia chumvi au siki katika maji. Chumvi husaidia kuuzuia ute usimwagike kama ganda limepata ufa. Kwa kumenya, haina kazi kubwa. Siki iacheni kwa saladi.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo yule mama hakuliuliza, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote. Mayai yakitoka motoni hutiwa katika maji baridi, na ndivyo ipasavyo, kwa maana ubaridi huzuia lile duara la kijani na husaidia ganda kutoka. Lakini maji yapi? Nimeona ndoo iliyotekwa asubuhi kisimani, iliyokwisha kunawiwa mikono, ikipokea mayai ya moto. Yai lipoapo, hewa iliyomo ndani hujikunja na kuvuta maji kupitia vile vitundu vya ganda. Uchafu uliomo ndooni huingia katika yai ambalo mnunuzi aliona limefungwa na salama, na mara nyingi mnunuzi huyo ni mtoto atokaye shuleni. Nchi yetu yaijua kipindupindu. Miaka mingi imetuzoeza jina lake. Basi maji ya kupozea yachemshwe usiku uliotangulia, yafunikwe, yalale mpaka asubuhi yapoe yenyewe. Hayahitaji barafu. Na mikono imenyayo ioshwe kwa sabuni kwanza, kwa sababu baada ya ganda kutoka yai halina tena nguo.

Msidhani pia kwamba yai lililochemshwa hukaa kuliko bichi. Ni kinyume: maji ya moto huondoa ule utelezi mkavu uliolinda ganda. Nje ya friji, katika joto la mchana, yai la kuchemsha halifai kukaa saa nyingi. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuchemsha 10 kwa 10: yakiisha, washa tena, yakibaki, yaliwe nyumbani jioni hiyo hiyo, yasingoje wateja wa kesho.

Na yale yaliyochanika? Yapondeni pamoja na nyanya na kitunguu kilichokaangwa, muwape watoto kwa bukari. Maganda yakaushwe motoni kidogo, yasagwe yawe unga, apewe kuku wa jirani. Yamfaa kwa kutengeneza ganda la yai lijalo, na huenda jirani akakupunguzia bei.