Njia ya Reli na Miguu Yetu

Ndugu msomaji, simama asubuhi karibu na reli hapa Kindu, nawe utaona watu wakipita juu yake. Mama amebeba kikapu cha mihogo, kijana anasukuma kinga yenye madumu ya mafuta ya mawese, watoto wa shule wanaruka taruma kwa taruma. Treni huonekana mara chache, lakini miguu huonekana kila siku. Basi mtu aweza kusema, "Reli hii imezeeka, afadhali tuifanye njia ya kutembea na kupumzika." Nusu ya neno hilo naipenda sana. Nusu nyingine naikataa.

Tukumbuke kwanza kwa nini reli ilijengwa. Mto Lualaba haupitiki kwa meli mahali pote, kwa sababu ya maporomoko. Kwa hiyo kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga reli vipande vipande ili kuzunguka maji mabaya. Kipande cha Kisangani na Ubundu, kilomita 125, kilimalizika mwaka 1906. Kipande chetu cha Kindu na Kongolo, kinachopita Kibombo na Samba, kina kilomita 355 nacho kilifunguliwa mwaka 1911. Mwaka 1955 nafasi kati ya vyuma iliongezwa kutoka mita 1 mpaka mita 1.067, ili reli yetu ilingane na ile ya Katanga.

Tena kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikiri. Mashini ya treni haiwezi kupanda mlima mkali. Kwa hiyo waliojenga walikata vilima na kujaza mabonde, hata njia ikawa karibu sawasawa. Njia ya namna hiyo ni dawa kwa mzee mwenye magoti mabaya, na kwa mtu ambaye damu yake imepanda, ambaye akipanda kilima hutweta. Wagonjwa wa damu kupanda na wa sukari tunawaona wengi kuliko zamani, nao si matajiri tu. Shirika la Afya la Ulimwengu lashauri mtu mzima atembee kwa haraka kidogo angalau dakika 150 kila juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Mama anayelima shamba na kuteka maji anazipita dakika hizo kabla ya saa nne asubuhi. Yeye simfundishi kutembea. Nasema na karani, mwalimu, fundi wa cherehani, mwenye duka, na (tuseme kweli) mganga mwenyewe, aketiye kitini mchana kutwa.

Wabelgiji waliokuja kujenga reli huku wamezigeuza reli nyingi zilizokufa kwao. Tangu mwaka 1995, katika sehemu yao ya Wallonia, wana mpango uitwao RAVeL: vyuma huondolewa, tuta hutengenezwa, na watu hupita kwa miguu na kwa kinga. Ni kazi nzuri. Lakini wao wana barabara ya lami mpaka kila kijiji. Walipoondoa reli hawakukosa chumvi wala sementi. Sisi tukiing'oa ya kwetu, mzigo mzito utafika Kindu kwa njia gani wakati wa mvua? Reli ya Vicicongo kule kaskazini, kutoka Aketi mpaka Mungbere, iliachwa, na msitu umeimeza mahali pengi. Huko treni zimekwisha. Kutengeneza njia ya watu juu ya tuta lile kungefaa. Hapa kwetu treni ikichelewa bado tunaingojea.

Sisahau pia kwamba katika nchi hii kutembea kwenye reli hakukuwa kupumzika sikuzote. Mwaka 1997 wakimbizi kutoka Rwanda, maelfu kwa maelfu, walikuwa kando ya reli kati ya Ubundu na Kisangani, wenye njaa na wagonjwa, na wengi walikufa pale. Ndiyo maana nataka watoto wetu waijue njia ya reli kwa furaha pia.

Basi naomba njia ya miguu kando ya reli, si juu yake. Juu ya vyuma hapafai. Nafasi ya mataruma hailingani na hatua ya mtu, kwa hiyo watu hujikwaa. Mawe makali hukata nyayo, na kidonda kidogo cha mguu kwa mgonjwa wa sukari chaweza kumletea kukatwa mguu. Tena yupo mzee asiyesikia vizuri, naye treni haiwezi kusimama mara moja.

Tuanze na kilomita mbili tu, toka stesheni. Siku ya salongo, watu wa Kasuku na wa Mikelenge walete mapanga na majembe, wafyeke majani marefu yanayoficha nyoka, wafukie mashimo yanayotuamisha maji na kuzalisha mbu. Njia iwe mbali na vyuma hatua sita au zaidi. Miembe iliyopo isikatwe, na chini yake yawekwe magogo ya kukalia wazee. Lakini mkubwa wa stesheni aulizwe kwanza, maana nchi ile ni ya kampuni ya reli, naye ndiye ajuaye siku ya treni.