Kemia ya Bahari Si ya Watu wa Pwani Peke Yao

Wapo wanaosema, Same mjini na hata kule Gonja, kwamba utafiti wa virutubisho vya baharini hautuhusu sisi wa milimani. Hoja zao nazifahamu, na sikubaliani nazo.

Wanasema bahari iko mbali. Kwa barabara, ndiyo. Lakini mito ya Hingilili na Yongoma hushuka kutoka Pare Kusini, hunywesha mpunga wa Maore na Ndungu, na maji yake huelekea bonde la Mkomazi. Mto Mkomazi huungana na Mto Pangani, na Pangani huishia Bahari ya Hindi. Mbolea ambayo mpunga haukuimaliza, na udongo unaoporomoka kwenye mashamba ya tangawizi yasiyo na matuta, vyote vina njia ya kufika huko.

Wanasema pia Bwawa la Nyumba ya Mungu huzuia kila kitu. Hilo ni kweli nusu. Bwawa hutuliza maji, tope huzama, na mwani wa humo hutumia sehemu ya silika na fosfeti. Ila Mkomazi huingia Pangani chini ya bwawa hilo. Bwawa la Kalimawe, lililo kwenye Mkomazi wenyewe, hubakiza sehemu ya tope lake, lakini naitreti iliyoyeyuka haizami kama tope.

Dai linaloniuma zaidi ni kwamba wanasayansi huchota ndoo ya maji na kukisia. Chupa za sampuli hushushwa zikiwa wazi juu na chini, kisha hufungwa zikifika kina kinachotakiwa, iwe mita 5 au 1,000, sambamba na kifaa kinachopima chumvi na joto. Maji huchujwa, na yasipopimwa mapema hugandishwa, kwani vijidudu vilivyomo vikiachwa vitaendelea kula. Maabarani, fosfeti hutiwa molibdeti ikawa buluu. Naitreti hupitishwa kwenye kadimi ikawa naitriti, ambayo hutiwa dawa ikatoa rangi ya waridi. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo kiasi kilivyo kikubwa, na mashine ya mwanga huisoma. Kisha mtafiti huchora naitreti dhidi ya chumvi, kuanzia mtoni hadi bahari kuu ambako kilo moja ya maji ina takriban gramu 35 za chumvi. Nukta zikinyooka, maji ya mto na ya bahari yamechanganyika tu. Zikishuka chini ya mstari, kuna kiumbe kilichoitumia njiani. Zikipanda, kuna chanzo kingine cha kutafutwa. Hapo hakuna kukisia.

Na hili la "mbolea ikizidi, samaki huzidi"? Tangu 1934 mwanasayansi Alfred Redfield alionyesha kuwa viumbe vidogo vya baharini hutumia naitrojeni na fosforasi kwa uwiano unaokaribiana, ambao leo huhesabiwa kuwa 16 kwa 1. Kimoja kikifurika peke yake, ukuaji hukwama kwa uhaba wa kingine. Vikifurika vyote, mwani huvimba, hufa, na bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni. Matumbawe nayo hufunikwa.

Ndiyo maana naomba sampuli zichukuliwe huku pia, masika na kiangazi. Vipimo vya mlango wa Pangani peke yake vitaonyesha naitreti imeongezeka, lakini havitamwambia mkulima wa Ndungu wala wa Maore kama imetoka shambani kwake.