HQL ni tamu, lakini SQL usiisahau

Nilipotea kidogo, kazi zilikuwa tele. Leo nimekuja na lalamiko kuhusu Hibernate.

Kwa wasioijua, Hibernate ilianzishwa na Gavin King mwaka 2001, na kazi yake ni kuunganisha klasi za Java na majedwali ya hifadhidata. Ina lugha yake ya maswali, HQL, inayofanana na SQL. Tofauti ni kwamba HQL haitaji majedwali, inataja klasi na sifa zake. Ukiwa na klasi Mwanachama unaandika hivi:

from Mwanachama m where m.tawi.jina = :tawi

Hakuna JOIN hapo. Nukta tu, na Hibernate yenyewe inaunganisha majedwali mawili. Hilo hunifurahisha hadi leo. (Ukikosea ukaandika wanachama, jina la jedwali, Hibernate itakataa swali lako kwa kuwa haiitambui klasi ya jina hilo. Wengi wetu tumepoteza jioni nzima hapo.)

Sasa kisa changu. Niliandikia sacco moja ripoti ya mikopo. Swali moja fupi, kisha kitanzi kinachopitia kila mwanachama na kuita getMikopo(). Kwangu nyumbani, na wanachama watano wa majaribio, mambo shwari. Kwa mteja, wanachama 400, ripoti ikawa inajikokota kama punda mgonjwa. Nilipowasha hibernate.show_sql nikaiona aibu yangu: maswali 401! Moja la kuleta wanachama, na 400 ya kuleta mikopo ya mmoja mmoja.

Nikaongeza join fetch m.mikopo. Ripoti ikafunguka mara moja, nikajipongeza kwa chai. Kesho yake mhasibu akapiga simu: "Kijana wangu, mbona watu wengine hawamo?" Nilikuwa nimesahau neno left, kwa hiyo kila asiye na mkopo alitoweka kwenye ripoti.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ukijua HQL huhitaji SQL. Makosa yangu yote mawili yalikuwa ya SQL, HQL iliyafunika tu. Tena swali lenyewe ni maandishi ndani ya nukuu, kompaila haiyasomi. Badilisha jina la sifa kwenye klasi, na utajua umevunja kitu programu ikishaanza kukimbia.

Bado natumia HQL kila siku. Ila show_sql kwenye mashine yangu siizimi.