Kinachopungua Ni Nini?

Neno la Kiingereza 'drop' lina herufi 4 tu, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza hulipokea bila wasiwasi, kwa kuwa amekwisha kuambiwa tangu shule ya msingi kwamba maana yake ni kuangusha. Hulichukua neno hilo pamoja na maana hiyo moja hadi maabara ya fizikia, na huko ndiko taabu inakoanzia. Katika kitabu kimoja cha sayansi neno hilohilo laweza kuwa tone la maji, laweza kuwa kuanguka kwa jiwe, laweza kuwa kupungua kwa kanieneo ya hewa. Katika jiometri laweza hata kuwa kitendo cha kuchora mstari wima kutoka ncha ya pembetatu hadi kwenye kitako chake, ambapo hakuna kitu chochote kilichoanguka.

Asili ya neno lenyewe yaeleza mengi. Katika Kiingereza cha kale nomino hiyo ilitaja tone la kimiminiko, kama Kijerumani kinavyosema 'Tropfen' hadi leo. Maana ya kudondoka kama maji yadondokavyo ikafuata, ikahamia kwa kila kitu kiangukacho, kisha kwa kila kipimo kipunguacho. Waingereza waliipanda ngazi hiyo polepole, kwa karne nyingi. Mwanafunzi wa Tanga au wa Songea hupandishwa juu yake siku ya kwanza, bila kuonyeshwa vidato.

Kiswahili kiliigawa kazi hiyo kwa namna nyingine. Embe lililoiva huanguka, lakini mkwezi aliye juu ya mnazi huangua nazi. Mpagazi aliyechoka hubwaga mzigo; aliyefika salama huutua. Mchele hudondoka punje moja moja kutoka gunia lililotoboka, ukingo wa mto huporomoka, na paa bovu huvuja mpaka maji yakatonatona sakafuni. Mtoto ayajuaye maneno haya amekwisha kufanya, bila kujitambua, sehemu ya kazi ya mwanasayansi: ametenganisha kitu kilichoachiliwa na kitu kilichowekwa, mkondo mmoja na vipande vyake, mwendo wa ghafla na mwendo wa taratibu. Ni hasara kubwa kwamba ujuzi huo huachwa nje ya mlango wa darasa pamoja na mwavuli.

Hasara hiyo huonekana wazi zaidi katika somo la umeme. Chukulia waya mrefu unaopeleka umeme kwenye karakana ya shule. Ukinzani wa waya huo, kwenda na kurudi, ni omu 0.5, na mashine iliyomo karakanani hutumia mkondo wa ampea 10. Kwa kanuni ya Ohm, volteji itapungua kwa 0.5 mara 10, yaani volti 5. Ikiwa mwanzoni ilikuwa volti 230, karakana itapata volti 225. Mwanafunzi aliyetafsiri 'voltage drop' kuwa ni kuanguka kwa umeme ataifanya hesabu hii sawasawa na kupewa alama zake zote, huku moyoni akiamini kwamba umeme umemwagika njiani kama maji ya ndoo iliyotoboka, na kwamba ampea zinazofika karakanani ni chache kuliko zilizotoka. Sivyo hata kidogo. Ampea 10 zilizoingia katika waya ndizo 10 zilizofika, na ndizo 10 zinazorudi. Kilichopungua ni nishati ambayo kila kiasi cha chaji chaweza kuitoa kifikapo mwisho wa safari. Nayo haikupotea: imegeuka joto katika waya, volti 5 mara ampea 10, yaani wati 50. Ndiyo maana waya mwembamba uliobebeshwa mzigo mkubwa hupata moto, na nyumba huungua.

Mwanafunzi huyo angeulizwa kwa Kiswahili maswali mawili tu, kwamba kinachopungua ni nini na kimekwenda wapi, kosa lake lingefichuka kabla hajashika kalamu. Mtihani ulioandikwa kwa Kiingereza chepesi haulifichui. Tarakimu zake ni sahihi, basi husahihishwa na kupita.

Mfano mwingine watoka katika jaribio mashuhuri. Robert Millikan wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha mwaka 1913 vipimo vyake vya chaji ya elektroni, na kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1923. Alipuliza matone madogo sana ya mafuta baina ya bamba mbili za metali, akayatazama yakienda chini, kisha akayazuia au kuyapandisha kwa nguvu ya umeme. Kwa Kiingereza tone na mwendo wake vyaweza kuitwa kwa neno moja, na msomaji mgeni huduwaa. Kwa Kiswahili mwalimu hana budi kuchagua: je, tone hilo laanguka au lashuka? Jiwe lililoachiliwa huanguka, na kasi yake huongezeka kwa karibu mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde ipitayo. Tone la Millikan halikufanya hivyo. Mara tu baada ya kuachiliwa, ukinzani wa hewa ulilingana na uzito wake, likaenda kwa kasi isiyobadilika, na kasi hiyo ndiyo iliyomwezesha kukadiria ukubwa wake. Tone lilishuka. Mwalimu atakayetulia kidogo juu ya neno hilo amekwisha kufundisha nusu ya jaribio.

Jotoridi ni jambo jepesi zaidi. Mtu apandapo Kilimanjaro, mwili wake hupanda na jotoridi hushuka, kwa wastani wa nyuzi 6.5 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1000. Hapa kushuka ni istiari tu ya tarakimu kwenye kipimajoto, na wanafunzi huielewa bila shida.

Lakini hospitalini neno hili halina mzaha. Muuguzi aliyeagizwa kumpa mgonjwa lita 1 ya maji ya dripu kwa saa 8 huhesabu matone kwa dakika. Ikiwa mpira wa dripu ni wa aina inayotoa matone 20 kwa mililita, hesabu yake ni 1000 mara 20, ikagawanywa kwa dakika 480: matone 42 hivi kwa dakika. Sasa mpira huo ubadilishwe, uletwe wa aina inayotoa matone 60 kwa mililita, kama utumikao sana kwa watoto wachanga, na muuguzi aendelee na matone yake 42. Lita ileile itachukua karibu saa 24. Mgonjwa aliyehitaji maji upesi atakuwa amepewa theluthi moja ya haki yake, ingawa kila tone limehesabiwa kwa uaminifu. Tone ni jina la kitu, si kipimo, mpaka lielezwe limetoka katika tundu gani.

Wapo wanaosema kwamba dawa ya haya yote ni orodha ya istilahi: neno la Kiingereza upande wa kushoto, la Kiswahili upande wa kulia. Orodha zina manufaa yake. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ni kazi ya kuheshimiwa, na kila shule ingefaa kuwa nayo. Lakini orodha huanza na neno, ilhali sayansi huanza na tukio. Nchini Tanzania, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hata hivyo mwalimu hahitaji kungoja tume nyingine ndipo amwambie mwanafunzi aeleze kwa lugha anayoiota usiku kile alichokiona mchana.

Wala isidhaniwe kwamba Kiswahili hakina mitego yake. Mtu huanguka chini, huanguka mtihani, na kifafa chenyewe huitwa ugonjwa wa kuanguka. Neno joto limewasumbua walimu wa fizikia kwa miaka mingi, kwani katika usemi wa kawaida hutaja nishati na kipimo chake kwa pamoja. Na maofisa wa elimu, walipotafuta jina la wanafunzi wanaoacha shule, walisema mdondoko, kwa kulifuata neno la Kiingereza. Pengine katika kufuata huko walipata zaidi ya walichokusudia, kwa kuwa punje hudondoka pale gunia lilipotoboka, na anayeziona chini huanza kutafuta tundu.

Mwalimu atakaye kulianza jambo hili kesho ana jaribio lisilogharimu kitu. Achukue bomba la sindano lisilo na sindano na silinda ndogo ya kupimia. Wanafunzi wadondoshe maji tone moja moja, wahesabu ni matone mangapi yajazayo mililita 5, kisha warudie kwa mrija mwembamba zaidi. Idadi itaongezeka. Halafu waongeze sabuni kidogo katika maji na kurudia kwa mrija uleule. Idadi itaongezeka tena, kwa maana sabuni hudhoofisha ile ngozi ya uso wa maji iliyokuwa ikilishikilia tone mdomoni mwa mrija, nalo hujiachia likiwa bado dogo. Waandike kwanza kwa Kiswahili walichokiona, na tafsiri ya Kiingereza ifuate baadaye.