Tupimwe kwa kazi, si kwa mwaka wa kuzaliwa

Matangazo mengi ya kazi yanayobandikwa mijini mwetu yana sharti moja lililozoeleka: mwombaji asizidi umri wa miaka 35. Ni maneno machache, lakini yanawafungia mlango watu wengi waliorudi nchini kutoka uhamishoni. Wakati umefika wa kuyahoji.

Ndugu msomaji, hebu tupige hesabu pamoja. Mtoto wa mkimbizi mara nyingi alichelewa kuanza darasa la kwanza, akapoteza mwaka mmoja au miwili kwa kuhamahama, kisha akasubiri ada ya sekondari. Wapo wengi waliomaliza kidato cha nne wakiwa na miaka 22 na zaidi. Waliporudi Burundi walianza upya: kwanza kiwanja, kisha lugha ya ofisini, mwisho kazi. Hivyo mtu wa miaka 45 anaweza kuwa na miaka 15 tu ya utumishi. Mwajiri anayemkataa kwa kuwa ni mzee anamdai miaka ambayo vita ilimnyang'anya.

Kikwazo cha pili ni vyeti. Watoto wa wakimbizi wa mwaka 1972 waliokulia Katumba, Mishamo na Ulyankulu walisoma mtaala wa Tanzania, shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Mimi ni mmoja wao. Kwenye cheti cha kidato cha nne cha Tanzania, pointi chache ndizo bora: divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya pili ni 18 hadi 21. Kwetu hapa watu wamezoea asilimia. Baada ya shule ya binafsi niliyokuwa nikifundisha kupunguza walimu, niliketi mbele ya mwajiri mmoja aliyeona pointi 20 kwenye cheti changu, akanihurumia kwa kupata alama ndogo. Nilimweleza. Lakini ni wangapi wanaokataliwa kabla ya kuitwa waeleze?

Najua nitajibiwa kwamba vijana nao wanahangaika bila kazi. Ni kweli, na wengine ni watoto wetu wenyewe. Siombi mtu mzima apewe nafasi ya kijana. Naomba wote wapewe mtihani mmoja, na anayeshinda achukuliwe. Mwalimu apewe darasa afundishe nusu saa. Karani apewe daftari la hesabu alisahihishe. Dereva apewe gari. Hapo umri utajisema wenyewe, kama unadhuru au unafaa.

Serikali nayo ina deni. Itifaki ya Nne ya Mkataba wa Amani wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, inaanza na suala la kuwarudisha wakimbizi na kuwaweka upya katika maisha. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia katika kifungu cha 10 uhuru wa wafanyakazi kuhama, na katika kifungu cha 11 nchi wanachama kutambuliana vyeti. Maneno hayo yakiishia kwenye makabrasha, mrejeaji hufanya lile analoliweza: huvuka tena mpaka kwenda kulima vibarua katika nchi ile ile aliyoiaga. Nchi inayompoteza mtu kwa mara ya pili haiwezi kusingizia vita.

Hata hivyo, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tunaotafuta kazi tuna wajibu wetu. Tusisubiri kuitwa kwenye usaili ndipo tuanze kutafuta ulinganifu wa vyeti. Tuupeleke mapema katika wizara ya elimu. Kama jina la kwenye cheti linatofautiana na la kwenye kitambulisho, turekebishe kisheria sasa. Barua ya maombi isiwe ya kulia shida. Iseme umefanya nini, wapi, kwa miaka mingapi, na ni nani anayeweza kuthibitisha.

Tena tuangalie mpakani. Pale Kobero na Mugina wanapita kila siku wafanyabiashara wadogo, wengi wao akina mama. Utaratibu wa Jumuiya unamruhusu mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, atumie cheti rahisi cha uasili wa bidhaa ili asilipe ushuru wa forodha. Kodi nyingine na vibali vya afya ya mimea au mifugo vinabaki palepale. Asiyeweza kusoma fomu hiyo huishia mikononi mwa vishoka, akalipa asichodaiwa, au akapita njia za panya na kupoteza mzigo wote.

Hapo ndipo penye kazi ya mtu mzima aliyesoma uhamishoni. Anajua Kirundi cha nyumbani, Kiswahili cha Kigoma na Kiingereza cha fomu. Anajua kutunza daftari, na ana sura ya kuaminika mbele ya ofisa. Wafanyabiashara 20 wakichanga kidogo kidogo kila mwezi wanaweza kumlipa karani wao, na huenda kiasi hicho kikawa kidogo kuliko wanachowapa vishoka.

Kwa hiyo ninawaomba waajiri wafute mstari ule wa umri kwenye tangazo lijalo, na wizara iharakishe majibu ya ulinganifu. Ninyi mama zangu na kaka zangu wa mpakani, mkitafuta karani wa chama chenu, msimpite mwalimu mwenye mvi. Mpeni fomu moja aijaze, kisha muamue.