Ufalme na Ubaba: Fumo Liyongo Awajibu Wanaotamani Wafalme

Kila uchaguzi unapozua mtafaruku, hawakosekani watu wanaotamani mamlaka ya kale: mtawala mmoja asiyepigiwa kura, asiyehojiwa, anayetiiwa kama mzazi. Miongoni mwa wapenzi wa fasihi ya Kiswahili tamanio hili huvishwa vazi la taaluma. Husemwa kwamba tendi zilizaliwa katika miji ya masultani, kwa hivyo anayezisoma kwa uaminifu hana budi kuukubali ufalme kuwa ndio mpangilio asilia wa jamii ya Waswahili. Dai hili linastahili kupimwa kwa tendi zenyewe.

Hata hivyo, fikra ya kimapokeo kuhusu ufalme si ya kudharauliwa. Mwingereza Robert Filmer, ambaye kitabu chake Patriarcha kilichapishwa mwaka 1680 baada ya kifo chake, alishikilia kwamba mfalme ni baba wa raia wake, na kwamba mamlaka hayo yamerithiwa tangu kwa Adamu. Joseph de Maistre, aliyeandika baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, aliona kwamba dola haiundwi kwa wino na karatasi bali hukua polepole katika dini na mila za watu. Pana ukweli hapa. Binadamu hukitii kwa wepesi kile alichokikuta kikiheshimiwa na wazazi wake, na katiba isiyo na mizizi mioyoni mwa watu hubaki kuwa maandishi tu. Hata Kenya, iliyokuwa jamhuri mwaka 1964, ilimwita rais wake wa kwanza, Jomo Kenyatta, Baba wa Taifa.

Je, tendi zinasemaje kuhusu ubaba huo? Chukua Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale zaidi. Sultani wa Pate anamhofia Liyongo asije akamnyang'anya kiti, basi anamtia kifungoni. Anayemwokoa ni mamake, kwa kumpelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Hila nyingine zinapogonga mwamba, sultani anamwita mwana wa Liyongo na kumwahidi uwaziri pamoja na kumwoza binti yake. Kijana anamchoma babake kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo anakufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wa mji wanaogopa kwenda kuteka maji. Kisha sultani anamgeuka kijana huyo, na ahadi zote zinayeyuka.

Msomaji makini ataona kinachovunjwa hapa. Mfalme, ambaye kwa nadharia ya Filmer ni baba wa wote, anakilinda kiti chake kwa kumfanya mwana amuue baba. Ubaba unaodaiwa kuwa msingi wa ufalme ndio unaotolewa kafara ili ufalme udumu. Uzazi wa kweli umo katika mkate wa mama, wala haumo katika jumba la sultani.

Watetezi wa ufalme watasema kwamba huyo alikuwa mfalme mbaya, na kwamba ubaya wa mmoja hauubatilishi ufalme. Lakini katika utendi mzima hapatokei chombo chochote chenye uwezo wa kumwambia sultani "hapana". Kasoro hiyo ni ya mfumo, haiishii katika tabia ya mtu.

Isitoshe, mwambao ulijua njia nyingine. Wakati Pate ikitawaliwa na masultani wa ukoo wa Nabahani, jirani yake Lamu iliendeshwa na baraza la wazee, kwa imani kwamba penye wazee haliharibiki neno. Haifai kulipamba baraza hilo kupita kiasi: lilikuwa la waungwana, na watumwa hawakuwa na sauti humo. Tena, baada ya ushindi wa Lamu katika Vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, wazee hao hao waliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, nao mji ukaangukia chini ya sultani wa mbali. Hata hivyo, historia hiyo inatosha kuonyesha kwamba mapokeo ya Waswahili hayakuwa na sauti moja ya kuutukuza ufalme.

Lugha yenyewe inatoa fundisho. Neno "mamlaka" linatokana na mzizi wa Kiarabu uliotupa pia "milki" na "kumiliki". Neno "dola" linatokana na mzizi wenye maana ya kuzunguka na kupokezana. Mtawala hupenda kulisikia la kwanza na kulisahau la pili.

Kwa hivyo, wanaofundisha na kusoma tendi katika vyuo vyetu wasiishie kwenye takriri, vina na mizani, wala kwenye sifa za shujaa mwenye nguvu. Wamuulize mwanafunzi: nani alimtuma yule kijana, na kwa nini hakuna aliyeweza kumzuia? Heshima kwa mamlaka ni urithi wa kulindwa, lakini heshima hiyo ni ya kiti, na kiti ni cha mji. Anayekikalia akumbuke kwamba cheo ni dhamana.